Nikahi na Hati ya Ndoa

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wake. Ama baadu.

Waheshimiwa wazee, akina mama na vijana: maisha ya watu wa mji huongozwa na mambo matatu, nayo ni dini, sheria ya dola na mila. Yakipatana, nyumba hutulia; yakipishana, aumiaye ni mjane na yatima.

Buyenzi yenyewe yashuhudia nguvu ya dola. Enzi za Wabelgiji, mji huu ukiitwa Usumbura, Waswahili waliwekwa katika mitaa iliyotengwa na utawala wa machifu. Humo desturi za nikahi na arusi zikakua kwa njia ya wenyewe. Lakini baada ya uhuru wa 1962 taifa lilitaka sheria moja kwa raia wote. Sheria ya Watu na Jamaa ya 1980, iliyofanyiwa marekebisho 1993, ilitambua ndoa iliyofungwa mbele ya afisa wa serikali tu, mume akiwa ametimiza miaka 21 na mke 18. Wake wawili haikuwakubali. Mwaka 2017 serikali iliamuru wote waishio pamoja bila ya hati waandikishe ndoa zao kabla ya mwaka kwisha.

Tazameni basi hali ya mwanamke aliyeozwa kwa walii, mahari na mashahidi, akatosheka na hayo. Mbele ya Mungu ni mke. Mumewe afapo, hakimu humwuliza hati, naye hana. Mashemeji huja kudai nyumba. Na katika ardhi, mila ya nchi huwatazama watoto wa kiume, hali Suratun Nisaa imemwekea binti fungu lake.

Wako wasemao kwamba kwenda komini ni kuidharau nikahi. Sivyo. Suratul Baqara imeamrisha deni liandikwe na kushuhudiwa. Ikiwa deni la faranga huandikwa, haki ya mke yaachwaje bila ya maandishi?

Kwa hiyo yampasa walii ahakikishe ndoa imeandikwa komini kabla ya kumkabidhi binti. Atakaye mke wa pili na ajue kwamba amweka nje ya ulinzi wa sheria, naye ataulizwa juu yake. Na baba mwenye kiwanja awaandikie binti zake hiba angali hai. Hati haiihalalishi ndoa, lakini huihifadhi haki.

Mwenyezi Mungu awahifadhi wajane na mayatima wa mji huu. Amin.