Mtumbwi wa Mashine: Usalama Huanza Mwaloni

Leo tutazungumza juu ya mtumbwi wa mashine, yaani mtumbwi uliofungwa injini nyuma, kama ile mingi inayosafiri katika Ziwa Victoria. Fuateni maneno kwa kidole, mstari kwa mstari.

Wazee wetu walisafiri kwa kasia na kwa tanga. Mashine imefupisha safari. Lakini mashine hukupa mwendo tu, haikupi akili. Akili ni kazi ya nahodha, na leo nahodha ni wewe.

Jambo la kwanza ni mzigo. Tuseme uko mwaloni. Watu wamekwisha kaa, magunia yamepangwa, nawe unataka kuondoka. Mara mama mmoja anakuja mbio na kapu lake. Anasema, "Baba, nichukue na mimi. Ni mmoja tu." Nauli yake unaihitaji. Utafanya nini?

Kumbuka habari ya kivuko MV Nyerere. Tarehe 20 Septemba 2018 kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, kikiwa kinakaribia kufika. Kiliruhusiwa kuchukua watu 101. Waliokufa peke yao walizidi 200. Kile kilikuwa kivuko cha chuma. Mtumbwi wako wa mbao utavumilia kiasi gani?

Basi fanya hivi. Mwombe fundi anayeunda mitumbwi akuonyeshe mtumbwi wako unaweza kuzama mpaka wapi bila hatari. Hapo piga mstari wa rangi ubavuni, kila upande. Mstari ukigusa maji, mtumbwi umejaa. Jambo hili si geni. Meli kubwa zina alama kama hiyo, na Uingereza iliilazimisha kwa sheria mwaka 1876, kwa sababu mabaharia wengi walikuwa wakifa katika meli zilizojazwa kupita kiasi.

Sasa unalo jibu la kumpa yule mama. Mwambie kwa adabu, "Mama, tazama mstari. Tumejaa. Nitarudi kukuchukua." Akikasirika, na akasirike. Abiria wakikushauri vingine, usikubali. Manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Jambo la pili ni jaketi la kujiokolea. Kila mtu avae lake, na mtoto avae la kipimo chake. Lifungwe mwilini kabla ya kuondoka. Jaketi lililowekwa chini ya magunia halimwokoi mtu, kwa maana mtumbwi hupinduka ghafula, wala hakuna nafasi ya kulitafuta.

Jambo la tatu ni petroli. Jaza tangi nchi kavu, mashine ikiwa imezimwa, na mtu yeyote asivute sigara karibu. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hushuka na kutulia chini ndani ya mtumbwi, na cheche moja yatosha kuuwasha.

Tufanye hesabu kidogo. Gawanya petroli yako mafungu matatu. Fungu moja la kwenda, fungu moja la kurudi, na fungu moja la akiba. Kama una lita 15, basi lita 5 za kwenda, lita 5 za kurudi, na lita 5 usizihesabu kabisa. Upepo wa mbele na mawimbi hula mafuta. Ukiishiwa katikati ya ziwa, upepo ndio utakaokuchagulia njia. Kwa hiyo chukua pia kasia, nanga na kamba yake, tochi, na kopo la kutolea maji.

Jambo la nne ni mashine yenyewe. Kaza skrubu zinazoishika kwenye ubao wa nyuma, kisha ifunge kwa kamba au mnyororo ili isianguke majini. Kabla ya kuvuta kamba ya kuwashia, hakikisha gea haijaingia. Mashine ikiwaka, tazama maji yanayoruka nje kama uzi. Maji hayo huonyesha kwamba mashine inapozwa. Yasipotoka, izime mara moja.

Mashine nyingi zina kamba fupi ya kuzimia. Wengi huidharau. Ndugu yangu, ifunge mkononi au mguuni kila safari. Ukianguka majini, kamba huchomoka na mashine huzimika. Bila kamba hiyo, mtumbwi unaweza kuzunguka peke yake na kukurudia, na rafadha hukata kama panga. Kwa sababu hiyo hiyo, ukimwendea mtu aliye majini, zima mashine kabla hajafika karibu na rafadha.

Jambo la tano ni safari. Tazama mbingu kwanza. Katika Ziwa Victoria dhoruba nyingi huzuka usiku na alfajiri. Ukiona wingu zito, ngoja. Mawimbi yakikukuta njiani, punguza mwendo, waketishe watu wote chini, na uyakabili kwa mshazari, usiyape ubavu. Mkikutana na mtumbwi mwingine uso kwa uso, kila mmoja apinde kulia.

Na kama mtumbwi umepinduka? Ushikilieni. Mtumbwi wa mbao kwa kawaida huelea hata ukijaa maji, na waokoaji huuona upesi kuliko kichwa cha mtu. Nchi kavu huonekana karibu kuliko ilivyo. Wengi hufa wakijaribu kuogelea kuifuata.

Turudi kwa yule mama na kapu lake. Amechelewa, amekukasirikia, na nauli yake umeikosa. Lakini jioni umemrudia, ukamfikisha kwake salama, na wale wa kwanza pia wamekwisha lala majumbani mwao. Hiyo ndiyo faida ya mstari wa rangi.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.

Maneno ya leo
Mwalo: mahali mitumbwi inapotia nanga na kushusha watu na samaki.
Rafadha: chuma kinachozunguka majini na kusukuma mtumbwi.
Ubavu: upande wa mtumbwi.

Maswali
1. Mstari wa rangi ubavuni unamwambia nahodha nini?
2. Una lita 18 za petroli. Lita ngapi ni za akiba?
3. Kamba ya kuzimia mashine hufungwa wapi, na kwa nini?
4. Andika sentensi mbili utakazomwambia abiria anayetaka kupanda mtumbwi uliojaa.