Gari Kuukuu na Roho za Abiria

Leo tunataka kuzungumza juu ya gari kuukuu. Labda mtu atauliza, "Kasisi, mmekosa neno la kuhubiri?" Hatujakosa. Katika parishi zetu za mashambani, gari hilo kuukuu ndilo linalompeleka mama mja mzito hospitali saa nane za usiku, na ndilo linalowarudisha wazee nyumbani baada ya ibada. Basi, jambo lake linatuhusu.

Fungueni pamoja nasi Kumbukumbu la Torati 22, mstari wa 8. Hapo Musa anawaagiza watu kwamba mtu akijenga nyumba mpya, azungushe ukuta mdogo juu ya dari, asije mtu akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Zamani zile watu waliketi juu ya dari jioni. Sheria haikungoja mtu aanguke ndipo mwenye nyumba aulizwe. Alitakiwa kuweka kizuizi mapema. Siku hizi wengi wetu hatuketi juu ya dari. Lakini tunabeba watu.

Chukueni mfano wa Datsun 1200, iliyotoka Japani mwaka 1970. Kwao iliitwa Sunny. Sunny ya kwanza ilianza kuuzwa mwaka 1966, ikiwa na injini ya chini kidogo ya cc 1,000. Mwaka ule ule Toyota wakaleta Corolla ya cc 1,077, wakajisifu kwa zile chache zilizozidi. Datsun wakajibu kwa injini ya cc 1,171. Wanadamu ni wale wale kila mahali! Wakenya nao walijifunza kuziamini gari za Datsun kwa sababu ya Safari Rally. Marehemu Shekhar Mehta aliishinda mara 5, mwaka 1973 na tena kutoka 1979 hadi 1982, na mara zote aliendesha Datsun.

Uzuri wa gari la namna hii ni kwamba halifichi kitu. Fungua boneti, utaona injini yote na hata ardhi chini yake. Halina kompyuta. Mtu mwenye spana, bisibisi na kipimo cha nafasi anaweza kurekebisha pointi za disitributa chini ya mwembe. Nafasi yake ni kama milimita 0.5. Valvu hupimwa injini ikiwa moto, milimita 0.35. Wako wanaoogopa kwamba petroli ya siku hizi, ambayo haina risasi, itakula viti vya valvu. Wasiogope sana. Kichwa cha injini hiyo ni cha aluminiamu, na kichwa cha aluminiamu hupandikizwa viti vya chuma kigumu.

Lakini kwa kuwa kichwa ni cha aluminiamu na bloki ni ya chuma, joto likizidi kichwa hupinda na gasketi huungua. Hapa mafundi wengi wana desturi moja tusiyoipenda: wanatoa themostati na kuitupa, eti gari lipoe. Injini isiyopata joto lake hula petroli na kuchakaa upesi. Tena ugonjwa wenyewe haujatibiwa, maana mara nyingi redieta imeziba au mfuniko wake umelegea. Mfuniko huo si wa kuzuia maji yasimwagike tu. Unayashikilia kwa nguvu ili yasichemke upesi. Huko Limuru, kwenye kimo cha mita 2,200 hivi, maji ya sufuria huchemka kwenye digrii 93 badala ya 100. Dereva wa milimani mwenye mfuniko mbovu atachemsha injini kila siku, na kumlaumu Mjapani.

Sasa tufike kwenye breki, maana hapo ndipo damu ilipo.

Mafuta ya breki si oili. Tunasema tena, si oili. Mipira iliyo ndani ya silinda imetengenezwa ikae na mafuta ya breki peke yake. Dereva akiishiwa njiani akatia oili ya injini, breki zitashika siku ile, naye atamshukuru Mungu. Baada ya muda ile mipira huvimba. Breki zinakataa kuachia, magurudumu yanawaka moto, kisha siku moja pedali inakwenda mpaka chini wala gari halisimami. Wengine hutia maji ya sabuni. Oili ikiisha kuingia, kusafisha chupa ya juu hakutoshi. Mipira yote ibadilishwe, kuanzia silinda kubwa mpaka zile za magurudumu.

Hata mafuta yaliyo halali huzeeka. Yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewani, pole pole, bila kuonekana. Basi mtu anateremka kutoka Limuru kwenda Mai Mahiu, gari limejaa wanakwaya, mguu wake haujatoka kwenye breki. Magurudumu yanapata moto, ule unyevu unachemka na kuwa mvuke, na mvuke hukandamizika kama sifongo. Juu ya mlima breki zilikuwa nzuri. Katikati ya mteremko hazipo. Ndiyo sababu mafuta hayo yabadilishwe kila baada ya miaka 2, na ndiyo sababu dereva mwenye busara huteremka kwa gia ya pili. Wakati wa kutoa upepo, fundi aanze na gurudumu lililo mbali zaidi na silinda kubwa. Kwa gari letu la usukani wa kulia, hilo ni la nyuma kushoto. Na asipulize vumbi la breki za zamani kwa mdomo wala kwa pampu, maana lina asbesto, inayodhuru mapafu. Alifute kwa kitambaa chenye maji.

Kuna baraza za kanisa ambazo hutoa fedha za rangi mpya na vitambaa vya viti, kisha fundi akitaja breki wanasema tungojee mavuno. Hatuelewi hesabu hiyo. Abiria huona rangi, kweli, lakini gari halisimamishwi na rangi. Tena gari la namna hii halina chesi ya peke yake. Bodi ndiyo chesi. Kutu ikiisha kula sakafu na mahali panaposhika springi za mbele, heri liuzwe vipande vipande, hata kama injini inaimba.

Na likiuzwa? Mithali 11 yaanza kwa kuonyesha jinsi Bwana anavyochukia mizani ya udanganyifu. Saa ya kilomita ni mizani. Katika magari mengi ya zamani ina tarakimu 5 tu. Ikifika 99,999 inarudi sifuri yenyewe, na muuzaji hana haja hata ya kuichezea. Akinyamaza tu, amekwisha kudanganya.

Katika parishi yetu mwalimu mmoja mstaafu alikuwa anauza Datsun 120Y. Ndugu zake walimshauri aiwashe asubuhi, ikiwa baridi, mnunuzi aisikie inavyonguruma vizuri, kisha apokee fedha upesi. Alihitaji fedha hizo. Mjukuu alikuwa amefukuzwa shule kwa ajili ya karo. Mnunuzi alipofika, mwalimu alifungua kifuniko cha oili akamwonyesha ule ute mweupe, kama maziwa, unaotokea maji yanapoingia katika oili. Akamwambia, "Gasketi ya kichwa imekufa. Ukiendesha mpaka mjini utaiua injini." Bei ilishuka, na karo ikalipwa nusu, nusu nyingine mwalimu mkuu alikubali kungoja. Mnunuzi hakuliwasha gari. Alilivuta kwa kamba mpaka gereji, wakabadilisha gasketi, na kichwa kilipopimwa kwa rula kilikuwa bado hakijapinda.

Mpaka juma lijalo, kaeni na amani.