Kila Baada ya Saa Nane, si Saa Nane Mchana

(Maelezo ya Ofisa Habari wa Halmashauri katika kikao cha watumishi wa zahanati na vituo vya afya pamoja na kamati za usimamizi)



Mimi si mtaalamu wa dawa. Nimesomea habari, na kazi yangu ni maneno. Nimekubali kusimama hapa kwa sababu makosa mengi ya dawa kwa wagonjwa wa nje huanza yakiwa makosa ya maneno.

Mwaka juzi mama yangu mzazi, mgonjwa wa shinikizo la damu, alirudi kutoka kliniki na amlodipini ya miligramu 5. Tabibu alikusudia anywe kidonge kimoja mara moja kwa siku, akaandika 1x1. Ile moja ya mwisho ilikuwa na kofia juu na mguu chini. Dirishani ikasomwa mbili. Mama akanywa asubuhi na jioni kwa utiifu wote. Haukupita muda miguu ikavimba, na siku moja kizunguzungu kikamwangusha uani. Nilikwenda pale nikiwa na hasira, nikaomba kuona cheti. Nilipokitazama, nami nikaisoma mbili.

Mgonjwa aliyelazwa hupewa dawa na muuguzi, na zamu inayofuata inaweza kugundua kilichokosewa. Mgonjwa wa nje huondoka na bahasha yake, na nyumbani hana wa kumsahihisha. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilizitaka nchi zipunguze kwa nusu, ndani ya miaka 5, madhara makubwa ya dawa yanayoweza kuzuilika. Sehemu ya kazi hiyo imo katika bahasha zile ndogo.

Sasa nije kwenye jambo linalotuhusu sisi wasemaji wa Kiswahili kuliko wengine. Neno “saa” kwetu lina kazi mbili: hutaja wakati, na hutaja muda. Chukueni dawa mseto ya malaria. Dozi ya pili hunywewa saa nane baada ya ile ya kwanza, kisha zinazobaki hunywewa kila baada ya saa 12, hadi zitimie dozi 6 kwa siku 3. Mama aliyempa mwanawe dozi ya kwanza saa 4 asubuhi akiambiwa “nyingine saa nane”, atampa saa 8 mchana. Zimepita saa nne tu. Alipaswa kusubiri hadi saa 12 jioni. Mama huyo hakukosea, ametii alichosikia. Kwa hiyo ninawaomba mnaotoa dawa mtaje wakati wenyewe: “Umempa sasa hivi, saa 4, utampa tena leo saa 12 jioni.” Na muandike hivyo hivyo juu ya bahasha.

Kijiko nacho kina maneno mawili. Kijiko cha chai hukadiriwa kuwa mililita 5 na cha chakula mililita 15. Mtoto aliyeandikiwa “kijiko kimoja” anaweza kupewa mara tatu ya kipimo chake. Taja mililita, na mwonyeshe mzazi alama kwenye kikombe cha kupimia au bomba lisilo na sindano.

Kwa matabibu nina ombi fupi: nusu iandikwe 0.5, sifuri ikitangulia, na tano iandikwe 5, si 5.0, maana nukta ikififia tano huwa hamsini. Kompyuta zinatuondolea tatizo la mwandiko, lakini hazimzuii aliyechoka kuchagua mstari wa chini badala ya wa juu.

Dirishani, swali “umeelewa?” halisaidii. Mbele ya foleni, nani atajibu hapana? Mwambieni mgonjwa, “Hebu nieleze utakavyoitumia ukifika nyumbani.” Najua foleni ni ndefu na watumishi ni wachache. Hata hivyo, maneno hayo hayachukui dakika nzima.

Nanyi wananchi, njooni na dawa zote mnazotumia, zikiwemo za dukani na za asili. Dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani yake. Anayezichanganya na vidonge vya parasetamoli hunywa dawa ile ile mara mbili bila kujua. Na kama dawa yoyote iliwahi kukudhuru, sema kabla hujaandikiwa.

Nimalizie kwa kukiri kosa langu. Bango la malaria ambalo ofisi yangu ililitayarisha lilisema “dozi ya pili saa 8”. Nililiandika mimi, na nililihakiki mimi. Tumeliondoa. Rasimu mpya ninayo hapa mkononi, nami naomba wafamasia na kina mama waliopo waisome kabla haijachapwa, kila mmoja anieleze alivyoielewa. Karibuni mezani.