Kimya Kingi Kina Mshindo: Mama Kazini, Wavulana Uani

  Aliye jikoni apunguze moto, aliye kwenye cherehani apumzishe mguu kidogo, tuzungumze.

Mada yetu ya leo ni watoto wadogo wa kiume, na mama anayefanyia kazi nyumbani.

Mwaka wa 2020, wakati wa korona, watu wengi wa ofisini waliambiwa wafanyie kazi nyumbani. Ikawa habari kubwa. Huyu analalamika mtoto amepiga kelele, yule analalamika mtoto amemwagia kompyuta chai. Sisi huku tulicheka. Mama anayekaanga viazi karai mlangoni, anayeshona madera chumbani, anayesuka nywele barazani, ofisi yake imekuwa nyumbani miaka yote, na watoto wako miguuni.

Mimi ni muuguzi, lakini pia ni mama wa wavulana wawili. Wakati wa kisa hiki mkubwa alikuwa na miaka 4, mdogo miaka 2. Jumamosi moja nilikuja na ripoti ya chanjo ya mwezi niimalizie nyumbani. Nikatandika mkeka, nikapanga karatasi zangu. Mstari wa kwanza, mkubwa anataka maji. Mstari wa pili, mdogo ametia kichwa ndani ya sufuria na hakitoki. Kufika mstari wa tano, kuku wa jirani amekamatwa, anadungwa sindano kwa mswaki wangu! Mkubwa ananiambia, "Mama, huyu bado hajapata ya surua." Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Nikamwachilia kuku, nikachukua mswaki, nikarudi kazini.

Baada ya hapo nikaandika kurasa mbili nzima bila kuitwa. Nikajiambia, leo nimehurumiwa. Kumbe wazee walishasema, kimya kingi kina mshindo mkuu. Mara nikasikia harufu ya mafuta ya taa.

Siku chache kabla, stima ilikuwa imepotea. Nilinunua mafuta ya taa, nikayatia kwenye chupa ya soda, nikaisukuma chini ya meza. Mimi mwenyewe, kwa mkono wangu. Sasa mdogo amekaa hapo, chupa mapajani, kifuniko hakipo, midomo inang'aa, naye anakohoa.

Jirani yangu, mama mtu mzima, alikuja mbio na kikombe cha maziwa. "Mpe haya, kisha mtie kidole atapike!" Nikamwambia, "La, shangazi, ahsante sana, lakini tusimtapishe."

Sikilizeni vizuri hapa, akina mama. Hatari kubwa ya mafuta ya taa ni kuingia kwenye mapafu. Mtoto akitapishwa, mafuta yanapanda tena kooni na yanaweza kupitia njia ya hewa. Kwa hivyo usimtapishe, na usimlazimishe kunywa maziwa wala mafuta ya kupikia. Nilimfuta mdomo, nikamvua shati lililolowa, nikamwosha ngozi kwa maji na sabuni. Nikachukua ile chupa ili daktari aione, tukapanda tuktuk hadi hospitali. Huko walimwangalia kwa saa kadhaa, kwa sababu kukohoa na kupumua kwa shida kunaweza kuja baadaye. Jioni tulirudi naye nyumbani akiitisha mandazi. Nashukuru. Lakini wako watoto wasiorudi hivyo.

Somo hili nilikuwa nimelifundisha kliniki mara nyingi. Nililijua, lakini chupa sikuiondoa. Ndiyo maana leo siji kuwaambia tu "angalieni watoto wenu." Mama anaangalia. Lakini mikono imo kwenye unga, mteja yuko mlangoni, na mtoto wa miaka 2 anahitaji dakika moja tu. Macho peke yake hayatoshi. Ipange nyumba mapema, kabla ya kazi kuanza, ili dakika yako moja ya kugeuka isiwe msiba.

Kwanza, mafuta ya taa, dawa ya kufulia na dawa ya panya zisikae kamwe kwenye chupa ya soda wala ya maji. Mtoto hajui kusoma, anaijua chupa. Ziweke juu, mahali penye kufungwa, na dawa za hospitali nazo vivyo hivyo.

Pili, jiko na karai la mafuta moto. Liweke mahali mtoto hawezi kupita, kwa mfano nyuma ya ubao au meza nzito. Usikaange ukiwa umempakata wala umembeba mgongoni. Akiungua, mvue nguo iliyolowa mafuta au maji moto, ila ile iliyogandana na ngozi iache. Mmwagilie mahali palipoungua maji safi ya baridi, si ya barafu, kwa dakika 20, huku mwili mwingine umefunikwa asipate baridi. Kisha funika jeraha kwa kitambaa safi, mpeleke hospitali. Usipake dawa ya meno, yai, unga wala jivu.

Tatu, maji. Huku kwetu mfereji hukauka, kwa hivyo tunaweka maji kwenye ndoo, mitungi na madramu. Mtoto mdogo akiinama akatumbukia kichwa, hata maji kidogo ndani ya ndoo yanaweza kumuua, na mara nyingi hapigi kelele. Funika madramu na mitungi. Ndoo ikiisha kazi, mwaga maji, igeuze.

Nne, wape wavulana kazi. Utundu wao si ubaya, wanajifunza. Mkubwa ahesabu viazi, mdogo avitie kwenye beseni kimoja kimoja. Viazi vizima, si maharagwe. Maharagwe huingia puani, nasi kliniki huyatafuta kwa tochi!

Tano, gawaneni zamu. Jirani akae na watoto saa mbili wewe ukaange, kisha nawe ukae na wake yeye ashone. Zamu ya kulea ni ya mtu mzima. Si ya mtoto wa miaka 6.

Mwisho nawaachia kazi ya nyumbani. Kesho asubuhi, kabla hujawasha jiko, piga magoti utambae nyumba nzima kama mtoto wako. Tazama anachokiona yeye, gusa anachoweza kukifikia. Mimi nilifanya hivyo baada ya siku ile, na wanangu wakanipanda mgongoni wakidhani nimekuwa punda. Wacha wacheke. Nilipata chini ya kitanda wembe mmoja, vidonge viwili na sarafu ya shilingi tano.

Na ukiwa kazini ukasikia kimya, usishukuru kwanza. Inuka ukaangalie.