Ukurasa Ambao Sikuupasua

Maneno ya kesiye wa zamani mbele ya mkutano mkuu wa memba, Baraka



Komite iliniomba niseme kidogo juu ya ulizo hili: kati ya taabu na mafanikio, gani inamfundisha mtu zaidi? Nilipouliza juu ya nini wanachagua miye, muzee mmoja alicheka tu. Tunajua sisi wote. Miye njo nilikuwa kesiye mwaka ule sanduku lilibaki tupu.

Najua pia jibu ambalo wengi wenu mnangojea. Mnangojea niseme taabu. Wageni wakija kututembelea wanapenda kusikia kama mateso yametutia nguvu, na siye tumezoea kuwaambia hivyo, juu wametoka mbali na hatupendi kuwavunja roho. Lakini kama taabu ingekuwa inafundisha yenyewe, Fizi yote ingekuwa maprofesa.

Nianze na kambi. Tulivuka ziwa mwaka 1996, na miye nilikaa Lugufu karibu miaka kumi. Sheria haikuturuhusu kupita kilomita 4 nje ya kambi bila ruhusa. Chakula kilitoka PAM: unga wa mahindi, maharage, mafuta, chumvi. Taabu ile ilitufundisha nini? Ilitufundisha kupanga mstari. Ilitufundisha kuhesabu siku mpaka ugawaji, na kuandikisha watu saba mu nyumba ya watu watano. Ndiyo, wengine walijifunza kushona, wengine kupika sabuni, na mpaka leo wanakula kwa kazi hiyo. Lakini mkiangalia vizuri, hao walifundishwa na mtu: kulikuwa mwalimu, kulikuwa na mashini ya kushona, kulikuwa saa mbili kwa siku za kukaa bila kufikiri chakula. Nilikuwa na jirani, fundi wa kujenga, mtu wa akili sana. Miaka ile yote alilala. Alipofika hapa alikuwa amesahau hata kupima msingi. Simlaumu. Taabu ilimla, na hakuna somo aliloleta ndani ya mufuko.

Sasa mafanikio.

Meli za HCR zilianza kuleta watu toka Kigoma mpaka hapa Baraka mwaka 2005. Miye nilishuka mwaka 2007. Mashamba yetu yalikuwa pori, miti mpaka juu ya kichwa. Tulikata, tukachoma, tukapanda muhogo, na ule muhogo wa kwanza, wandugu, mnaukumbuka! Mtu alikuwa anang'oa shina moja na kubeba mizizi kwa mikono miwili. Tulikula bugali mpaka tukasahau jina la PAM. Na tukajiona wakulima. Majirani waliobaki hapa wakati wote wa vita walituambia: "Muangalie miti mnayopanda, ile majani imejikunja, muache." Tuliwacheka. Tuliona wanatuonea wivu. Miye nilicheka kuliko wengine, na sauti yangu mnaijua.

Kumbe ule muhogo haukutoka mu akili yetu. Udongo ulikuwa umepumzika miaka kumi. Ingekuwa mtoto amepanda, ungezaa tu. Lakini siye tulichukua mavuno kuwa cheti. Tulikata miti ya kupanda popote, tukagawiana bure, ndugu kwa ndugu, na ugonjwa wa mosaiki tukagawiana pamoja nayo. Mwaka wa tatu majani yalikuwa ya manjano na kujikunja mu mashamba yote, na mizizi ilikuwa kama vidole. Agronome alipokuja alitueleza: ugonjwa unabebwa na inzi weupe wadogo wanaokaa chini ya majani, lakini unasafiri zaidi na miti ya kupanda yenyewe. Ukikata mti mgonjwa, unapanda ugonjwa. Kwa maneno mengine, tulieneza hasara kwa wema wetu.

Kulikuwa mama mmoja tu aliyekuwa na shamba la kuangaliwa. Tangu mwaka wa kwanza, ule wa shangwe, alipanda kila fungu mu mstari wake na kuweka alama: huu ulitoka kwa shemeji, huu ulitoka mlimani, huu ulitoka sokoni. Tulimwona kama mtu wa kujisumbua bure. Ugonjwa ulipofika, yeye alijua mistari gani ya kung'oa na gani ya kubakisha. Mbegu nzuri tuliyopanda kisha ilitoka kwake. Nilimuuliza juu ya nini aliweka alama wakati kila kitu kilikuwa kinazaa. Alinijibu: "Mama, nilitaka kujua juu ya nini kinazaa." Hakusema zaidi, akaendelea kupalilia.

Hiyo ingenitosha, lakini sikusikia. Njo sababu nafika mu habari ya sanduku, na wageni wetu mnivumilie juu hii haikuandikwa mu ripoti tuliyowatumia.

Mnajua namna AVEC yetu inatembea. Sanduku moja, kufuli tatu, funguo tatu kwa watu watatu ambao si wa nyumba moja. Kila juma memba anaweka hisa yake mbele ya wote, feza inahesabiwa kwa sauti, na kila mtu anarudi nyumbani na ile namba mu kichwa. Mufuko wa kusaidiana unakaa pembeni, haukopeshwi, ni wa ugonjwa na kilio. Mwaka wa kwanza wote walilipa. Tulipogawa feza mwezi wa kumi na mbili, watu walinunua mabati, walilipa masomo ya watoto, tukacheza mpaka usiku. Memba tulikuwa 25 na hakuna hata mmoja aliyeuliza: tumefanya nini ili iende hivi?

Kwa kuwa hatukuuliza, mwaka wa pili tulianza kuacha kimoja kimoja. Kuhesabu kwa sauti kulikuwa kunachukua muda, tukaacha, juu tunaaminiana. Mwenye ufunguo mmoja alikuwa msafiri, akaniachia, basi nikawa na funguo mbili. Wanne wakaomba dola 150 kila mmoja, wakanunue ndagala hapa na kuuza Bukavu. Dola 600 zikatoka siku moja. Na kwa sababu haikutosha, nilitia mkono mu mufuko wa kusaidiana, nikajiambia ni ya juma tatu tu.

Mvua ilinyesha. Kamiyo ilikaa njiani siku tisa, ndagala ikalowana, ikaoza. Wale wanne walirudi na magunia ya kutupa.

Hapo nilikuwa na neno moja la kusema mbele yenu, nami sikulisema. Mwezi wa nne niliandika mu kaye kama mikopo yote imelipwa. Kaye ilisema dola 630, mu sanduku mulikuwa dola 30. Nilitumaini watalipa mbele mtu hajajua. Ripoti ya wafadhili iliandikwa toka mu kaye ile. Wandugu wa mbali, mliisoma, na mlituandikia pongezi. Barua yenu ilisomwa hapa na watu wakapiga makofi, na miye nilipiga pamoja nao.

Miezi mine hivyo. Kisha mtoto wa memba mmoja alishikwa na ugonjwa usiku, hospitali ikaomba dola 85 kwa kupasuliwa. Mama yake alikuja kwangu mbio, akajua feza yake ya kusaidiana iko. Nilifungua sanduku mbele yake. Sitasahau namna aliangalia ndani, kisha akaniangalia miye. Hakulia. Aliuliza tu: "Iko wapi?"

Usiku ule watu walikusanya nyumba kwa nyumba, hata wasio memba, hata wale majirani niliowacheka juu ya muhogo. Mtoto alipona, leo yuko mu kidato cha pili. Mama yake alikaa mwaka mzima bila kunisalimia, na alikuwa na haki.

Mtaniuliza: basi mama, si taabu hiyo iliyokufundisha? Hapana. Miezi ile mine nilikuwa mu taabu kila usiku na sikujifunza kitu, nilijifunza kuficha tu. Nilianza kujifunza siku ile wazee walinikalisha, tukafungua kaye ukurasa kwa ukurasa, na mtu mmoja akaniuliza bila kunitukana: "Hapa ulifikiri nini? Na hapa?"

Na wale wanne? Tuliwafukuza kwa hasira. Mmoja alivuka ziwa, hatujamwona tena. Mmoja, mama mjane, alikuja siku ya mkutano na franka 5,000 akaziweka mezani, akitetemeka. Kesiye mpya aliandika kwa sauti. Juma lililofuata akaleta tena 5,000. Alilipa mwaka mmoja na miezi, mpaka dola 150 zikaisha, na kila mara tulisema namba yake mbele ya wote. Anasema aibu ilikuwa karibu kumpeleka Tanzania tena, na kilichomzuia ni ile namba kupungua. Mafanikio madogo, ya franka 5,000. Hayo yalimfundisha yeye na yalitufundisha siye.

Wanaobaki ni wawili. Mu programu ya leo kuna kura juu yao, warudi ao wasirudi. Kuna wanaosema waache wateseke kwanza, watajifunza. Miye nasema warudi, walete hata kidogo kila juma, wakopeshwe kidogo, na ufunguo wasipewe, wala miye nisipewe. Miaka hii wameteseka bila mtu kuwauliza kitu, na deni liko pale pale.

Kwa wafadhili naomba jambo moja. Ripoti inayokuja itakuwa na ukurasa wa mambo yaliyokufa. Msiogope mukiuona. Na mkifika kututembelea, tukiwapeleka ku shamba zuri, mutuulize lile lingine liko wapi.

Kaye ya mwaka ule iko hapa mezani. Ukurasa wa mwezi wa nne sikuupasua, na sahihi iliyo chini ni yangu. Nimemuomba mama wa yule mtoto ausome kwa sauti, namba kwa namba, naye amekubali. Akimaliza, Bwana Prezida ataita kura.