Somo la Hesabu: Kupima Jumla Kubwa

Wanafunzi wa Mwamgongo, na ninyi nyote wa kando ya Ziwa Tanganyika! Shikeni kalamu.

Andikeni: 61,741,120. Someni pamoja nami: milioni sitini na moja, mia saba arobaini na moja elfu, mia moja na ishirini. Ndio watu wa Tanzania waliohesabiwa katika sensa ya Agosti 2022.

Je, hesabu hii hugawanyika kwa 9? Msigawe. Jumlisheni tarakimu zake: 6+1+7+4+1+1+2+0 ni 22; tena 2+2 ni 4. Basi haigawanyiki, hubaki 4. Kwa nini? Kumi ni 9 na 1. Mia ni 99 na 1. Ukiondoa tisa zote, kila tarakimu hubaki peke yake.

Sasa tupime. Wanawake walikuwa 31,687,990: tarakimu ni 43, yaani 7. Wanaume 30,053,130: tarakimu ni 15, yaani 6. Saba na sita ni 13, yaani 4. Zimelingana!

Zisipolingana, pana kosa. Zikilingana, angalia tena, maana tarakimu zilizobadilishana mahali hazionekani kwa mizani hii.

Mnunuzi wa dagaa akikuandikia jumla, ipime kwanza, ndipo utie sahihi.

Kazi ya nyumbani: Bara 59,851,347, Zanzibar 1,889,773. Jumlisheni, kisha mpime. Kwaherini.