Kisesa Ina Watu Wangapi?

Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani



Nimetakiwa niseme machache juu ya wakazi na utawala wa kijiji. Kwa kuwa wengi wetu tunaijua Kisesa, kilometa 20 hivi kutoka Mwanza mjini kwenye barabara ya kwenda Musoma, nitaisemea Kisesa. Wageni huijua kwa makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, kazi ya Padre David Clement aliyefika hapo miaka ya 1950, na kwa ngoma za Bulabo. Ngoma leo nitaziacha. Nataka kusema juu ya daftari.

Mtu akikuambia Kisesa ina watu kadha wa kadha, muulize kwanza: hesabu hiyo ni ya nani, naye alihesabu kwa ajili ya nini? Enzi za watemi, ng'wanangwa aliwajua watu wake bila karatasi, maana yeye ndiye aliyewaonyesha mahali pa kulima na ndiye aliyewasikilizia mashauri yao. Serikali ya kikoloni ilipomkabidhi kazi ya kukusanya kodi, hesabu ikageuka. Mtu wa kuhesabiwa akawa mwanamume mzima anayeweza kulipa. Tangu hapo watu wetu walijifunza jambo moja ambalo halijawatoka hadi leo, kwamba anayekuja na kalamu kuuliza jina lako huenda anataka kitu kutoka kwako. Kodi ya kichwa ilifutwa mwaka 1969, ikarudi mwaka 1984 kwa jina la kodi ya maendeleo, ikafutwa tena mwaka 2003. Wapo hapa ukumbini, bila shaka, wanaokumbuka jinsi vijana walivyokuwa wakiingia porini siku ya msako.

Baada ya uhuru utawala wa watemi ulikomeshwa mwaka 1963, na TANU ikaleta mabalozi wa nyumba kumi. Balozi alizijua nyumba zake. Kisha ikaja Operesheni Vijiji, ambayo huku kwetu tunaikumbuka kwa mwaka 1974, na Sheria ya Vijiji ya mwaka 1975 iliyotaka kijiji kiwe na kaya zisizopungua 250 ndipo kiandikishwe. Hapo hesabu ya watu ikawa ndiyo inayokifanya kijiji kiwe kijiji. Lakini Msukuma alizoea kujenga katikati ya mashamba yake na malisho ya ng'ombe wake, mbali kidogo na jirani. Kumpanga kwenye mstari wa nyumba kando ya barabara kulikuwa jambo moja. Kumfanya akae hapo lilikuwa jambo jingine. Wengi walirudi polepole kwenye mahame yao, na jina la mtu likaanza kuachana na mahali anapolala.

Sasa tazameni hesabu tulizo nazo leo. Ya kwanza ni sensa ya taifa. Mwaka 1967 Tanzania ilikuwa na watu milioni 12.3, mwaka 2022 walikuwa 61,741,120. Mkoa wa Mwanza peke yake ulikuwa na watu 2,772,509 mwaka 2012, na miaka 10 baadaye ukawa na 3,699,872. Ni hesabu nzuri kwa kupanga shule, zahanati na fedha za mikoa. Lakini sensa ilimhesabu mtu pale alipolala usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022. Mwanafunzi aliyekuwa bwenini alihesabiwa bwenini. Mvuvi aliyekuwa kisiwani alihesabiwa kisiwani. Sensa haikuuliza nani ana haki ya kunyoosha mkono katika mkutano wa kijiji cha Kisesa, wala hiyo si kazi yake.

Hesabu ya pili haijulikani sana, ingawa imefanyika mlangoni petu. Tangu mwaka 1994 watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, kituo cha Mwanza, pamoja na wenzao, walianza kuwaandika wakazi wa kata ya Kisesa kaya kwa kaya. Walipita mara moja au mbili kwa mwaka, wakiuliza yale yale: nani amezaliwa, nani amefariki, nani ameoa au kuolewa, nani amehamia, nani amehama. Ugonjwa wa UKIMWI ndio uliowaleta. Watu wengi walifia nyumbani, bila cheti cha daktari; kwa hiyo watafiti waliketi na ndugu wa marehemu na kuwauliza taratibu marehemu aliugua vipi, wapate kukisia chanzo cha kifo. Waligundua pia kwamba katika kituo cha biashara kilichoko barabarani ugonjwa ulikuwa mwingi kuliko katika vijiji vilivyojitenga na barabara, ndani ya kata ile ile moja. Hesabu ya wilaya nzima isingelionyesha jambo hilo kamwe.

Mimi husikia uchungu kidogo ninapoyafikiri haya. Kazi ya Kisesa imesomwa na mabingwa wa nchi za mbali, lakini mwenyekiti wa kitongoji kilicho humo humo huenda hana hata kaunta buku. Wala hawezi kuliazima daftari la watafiti, na ni sawa asiazime. Watu walijibu maswali yale kwa ahadi ya siri.

Hesabu ya tatu ndiyo niliyoijia. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, ile Namba 7 inayohusu mamlaka za wilaya, imeupa mkutano mkuu wa kijiji ukubwa ambao wengi hawaufahamu. Mjumbe wake ni kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na zaidi. Mkutano huo ndio unaochagua halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe kati ya 15 na 25. Afisa Mtendaji ni mwajiriwa. Hawi mkubwa wa mkutano. Na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema wazi kwamba halmashauri ya kijiji isigawe ardhi kabla mkutano mkuu haujakubali.

Basi, ndugu zangu, mkazi ni nani? Yuko aliyenunua kiwanja Kisesa, akaweka msingi, naye analala Nyamagana. Yuko mpangaji wa chumba kimoja, miaka minne sasa, anayefunga biashara usiku na kufungua alfajiri. Yuko kijana aliyekwenda machimboni Geita na kumwacha mke na watoto. Yuko mjane ambaye jina la marehemu mumewe bado ndilo linalosomwa anapoitwa. Tangu jiji lianze kusogea mashariki, na barabara ya Usagara hadi Kisesa ikapita, ardhi ya huko haiulizwi tena bei ya shamba. Chukua mfano wa mkutano ulioandika majina 60 na kukubali eneo la kijiji ligawiwe. Je, 60 kati ya wangapi? Na kati ya hao 60, ni wangapi walikuja kwa gari na kuondoka kwa gari? Pasipo daftari la wakazi swali hilo halina jibu, na mwenye shamba la jirani hana pa kushika hata akifika barazani.

Kulitunza daftari hilo ni kazi ya mwenyekiti wa kitongoji. Zamani balozi alimsaidia mtu kujulikana, lakini tangu vyama vingi vianze mwaka 1992 balozi amebaki wa chama chake. Sungusungu wa miaka ya 1980 nao walimjua kila mwanamume, maana asiyetokea kwenye mwano alitozwa faini. Walitusaidia juu ya wezi wa ng'ombe, lakini vikongwe walioitwa wachawi waliuona upande wao mwingine, nami sitamani hesabu ya namna ile irudi. Siku hizi majina huandikwa kwa bidii uchaguzi unapokaribia. Kwa uchaguzi wa tarehe 27 Novemba 2024 orodha ya wapiga kura iliandikwa kwa siku 10 za Oktoba. Kura zikishahesabiwa, orodha ya namna hiyo hufungiwa kabatini. Mtu aliyehamia mwezi wa Januari haimjui, wala haimfuti aliyekufa mwezi wa Machi.

Wanafunzi, kazi hii haihitaji shahada. Kitongoji kimoja chaweza kuandikwa katika likizo moja, kwa idhini ya mwenyekiti wake na mbele ya wajumbe wake. Kila mtu mzima apewe mstari wake. Mke asiandikwe chini ya mume kama mzigo. Iandikwe tarehe aliyohamia, mahali anapolala siku nyingi za mwezi, na kama ana shamba, shamba liko wapi. Asiandikwe dini, kabila wala chama. Daftari libaki kwa mwenyekiti. Msiondoke nalo, wala msilipige picha kwa simu zenu. Mtaulizwa mlangoni kama kodi inarudi. Jibuni kwa heshima, na anayekataa mwacheni, mpite tena siku nyingine.

Ndugu Mwenyekiti, nina hoja moja naomba iingizwe katika kumbukumbu za mkutano huu. Mfuko wa Umoja wetu mwaka jana ulinunua viti vya jukwaa. Mwaka huu ununue kaunta buku, moja kwa kila kitongoji ambacho mwenyekiti wake atakubali, na tuanze na vitongoji vitatu vilivyo karibu na barabara, ambako viwanja vinauzwa sasa hivi. Mimi nitalipia vya kwanza viwili. Anayeunga mkono hoja aseme.